Kunakili mafaili kwenye folda za mfumo zinazolindwa katika Linux: sudo peke yake haitoshi

Mleta mada

Assalamu alaikum ndugu wanajukwaa. Ninasimamia chumba cha kompyuta cha madrasa ambamo mashine zote zinatumia Ubuntu 22.04 na kila mwanafunzi ana akaunti yake. Tunasomesha tenzi za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, kwa hiyo ninahitaji fonti zinazofaa kazi hiyo, ikiwemo Amiri, zionekane kwa kila anayeingia na si kwangu peke yangu. Nilifungua folda ya /usr/share/fonts nikitaka kubandika mafaili niliyoyapakua, lakini neno la kubandika kwenye menyu limefifia na halibofyeki. Nilipojaribu kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, nilijibiwa hivi:

cp: cannot create regular file '/usr/share/fonts/Amiri-Regular.ttf': Permission denied

Vilevile nina skripti ndogo ya kuhifadhi kazi za wanafunzi kwenye flashi, na ningependa kila mtu aweze kuiendesha kwa kuandika jina lake tu. Kinachonitatiza ni kwamba mfumo huu niliusimika mwenyewe na nenosiri la msimamizi ninalo. Kwa nini unanikatalia, na ni ipi njia salama ya kuyaweka mafaili haya mahali pake?

Fundi wa Maabara

Waalaikumu salaam, Mwalimu. Iliyokataliwa ni cp, programu ya kunakili, ambayo uliianzisha kwa akaunti yako ya kawaida. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, haimjui mwenye mashine. Inachokitazama ni namba ya mtumiaji ambayo kila programu hubeba inapoendeshwa. Akaunti ya kwanza inayofunguliwa wakati wa kusimika Ubuntu hupewa namba 1000, na root, akaunti kuu yenye mamlaka yote, ana namba 0. Usimamizi wako maana yake ni kwamba akaunti yako imo katika kundi linaloitwa sudo, yaani unaruhusiwa kuomba amri fulani iendeshwe kwa namba 0, na usipoomba huna tofauti na mwanafunzi yeyote.

Itazame kwanza folda yenyewe kwa amri ya ls -ld /usr/share/fonts. Mstari utakaoupata utaanza na drwxr-xr-x, kisha utaona root imeandikwa mara mbili. Herufi d inaonyesha kuwa hii ni folda. Herufi rwx zinazofuata ni za mwenye folda, ambaye ni root: anasoma, anaandika na anapita ndani. Mafungu mawili ya r-x ni ya kundi na ya watu wengine wote, ambao wanasoma na kupita lakini hawaandiki. Kuna jambo hapa ambalo wengi hulipuuza: kuongeza faili jipya au kufuta lililopo ni kuiandikia folda, kwa hiyo unaweza kuwa na haki zote juu ya faili na bado ukashindwa kuliingiza kwenye folda usiyoruhusiwa kuiandikia. Kubadili yaliyomo ndani ya faili ambalo tayari lipo hutegemea ruhusa za faili lenyewe.

Jibu la haraka, basi, ni kutanguliza neno sudo, na ukitafuta mtandaoni wengi wataishia hapo. Mimi ningeanza na swali jingine: je, hapo ndipo mahali pa faili hilo? Folda za /usr/share, /usr/bin na /usr/lib ni eneo la apt na dpkg, programu zinazosimika vifurushi vya mfumo. Vifurushi ndivyo vinavyoweka mafaili humo, na siku ya kusasishwa vinaweza kufunika faili lolote lenye jina kama la kwao bila kukuuliza. Kwa vitu ambavyo msimamizi ameviweka kwa mkono wake kumetengwa /usr/local, na mgawanyo huo umo katika kiwango cha mpangilio wa folda kinachoitwa FHS, ambacho toleo lake la 3.0 lilitoka mwaka 2015. Debian, ambayo Ubuntu imejengwa juu yake, na Ubuntu yenyewe hufuata utaratibu huo, na vifurushi vyao haviruhusiwi kuweka mafaili yao ndani ya /usr/local.

Kwa Amiri hasa huhitaji kunakili chochote, kwa kuwa imo katika hazina ya Ubuntu pamoja na Scheherazade, fonti ya shirika la SIL:

sudo apt install fonts-hosny-amiri fonts-sil-scheherazade

Zote mbili zina herufi kama پ, چ na ڤ ambazo Kiswahili kinazihitaji na ambazo fonti nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Kiarabu pekee hazina. Fonti zako nyingine zisizo na kifurushi ndizo utakazozinakili:

sudo mkdir -p /usr/local/share/fonts/madrasa
sudo cp -v ~/Downloads/fonti/*.ttf /usr/local/share/fonts/madrasa/
sudo chmod 644 /usr/local/share/fonts/madrasa/*.ttf
sudo fc-cache -f

Usiuache mkwaju wa mwisho kwenye mstari wa pili. Ukiuacha, na folda ya madrasa ikawa haipo, cp itakapopewa faili moja italinakili kwa jina jipya la «madrasa», nawe utabaki unajiuliza fonti imepotelea wapi. Mkwaju ukiwepo, amri italalamika badala ya kukutii kimakosa.

Mstari wa tatu ndio ambao maelekezo mengi huuruka, na ndio chanzo cha malalamiko kwamba fonti imenakiliwa lakini wanafunzi hawaioni. Sudo cp ikiunda faili jipya, mwenye faili hilo anakuwa root, lakini ruhusa zake zinafuata zile za faili la asili, zikipunguzwa na umask, kichujio cha ruhusa za mafaili mapya. Kama faili ulilolipakua lilikuwa na ruhusa za 600, yaani linasomwa na mwenyewe tu, nakala itakuwa na 600 hiyohiyo, na sasa mwenyewe ni root. Kunakili kumefaulu, hakuna kosa lililoonyeshwa, na hakuna mtu anayeweza kuisoma fonti hiyo, wewe ukiwemo. Thamani ya 644 inarekebisha hali hiyo: root anasoma na kuandika, wengine wote wanasoma.

Skripti yako ingeweza kupitia njia hiyohiyo, lakini kuna amri inayonakili, inayomweka mwenye faili na inayopanga ruhusa kwa mpigo mmoja. Mimi huipendelea kuliko cp kwa kazi za namna hii:

sudo install -o root -g root -m 755 hifadhi.sh /usr/local/bin/hifadhi

Nimeondoa .sh makusudi, kwa kuwa Linux haihitaji kiambishi hicho, na mwanafunzi ataandika hifadhi tu.

Mpita Njia

Mkuu, nakuheshimu, lakini huo ni mlolongo mrefu kwa kazi ya kubandika fonti. Mashine yangu nilimaliza ubishi siku moja kwa sudo chmod -R 777, yaani kila mtu aruhusiwe kila kitu, kwenye folda ninazozitumia. Sasa ninabandika ninapotaka, kwa kipanya, na siulizwi nenosiri. Kompyuta za madrasa haziko kwenye benki. Kuna hatari gani?

Fundi wa Maabara

Ndugu Mpita Njia, naomba yeyote anayesoma uzi huu asiijaribu amri hiyo juu ya /usr wala /etc, kwa sababu madhara yake huanza kabla ya mwizi yeyote kufika.

Faili la /usr/bin/sudo lina ruhusa za 4755. Ile 4 ya mwanzo ndiyo inayoiwezesha sudo kuendeshwa kwa namba ya root hata inapoitwa na mtumiaji wa kawaida. Ukiandika 777 kwa tarakimu tatu juu ya faili, ile 4 inafutika, na sudo ikiitwa tena inajibu:

sudo: /usr/bin/sudo must be owned by uid 0 and have the setuid bit set

Programu za su, passwd na pkexec zinategemea alama hiyohiyo, kwa hiyo zinaanguka pamoja nayo. Yaani umefungua milango yote, halafu ukapoteza ufunguo pekee wa kuirudishia hali yake. Ukifanya hivyo kwenye /etc, sudo itagundua kwamba faili la /etc/sudoers linaweza kuandikwa na kila mtu na itakataa kufanya kazi kwa sababu hiyo, na seva ya ssh, ya kuingilia mashine kutoka mbali, nayo itakataa kutumia funguo zake za siri zilizo wazi namna hiyo. Kurudi nyuma hakuna amri moja: unaingia katika hali ya uokoaji kupitia GRUB, programu inayouwasha mfumo, unarudisha sudo kwa mkono, kisha unasimika upya vifurushi kimoja baada ya kingine. Mara nyingi kusimika mfumo mzima upya huchukua muda mfupi zaidi.

Tuchukue basi hali nyepesi kuliko hiyo, kwamba umeifungua /usr/local/bin peke yake. Mwanafunzi mtundu anaifuta skripti ya hifadhi na kuweka yake yenye jina lilelile. Siku Mwalimu atakapoiendesha kwa sudo, maagizo ya mwanafunzi yatatekelezwa kwa mamlaka ya root, na nenosiri atakuwa ameliandika Mwalimu mwenyewe. Haihitaji benki wala mdukuzi wa ng'ambo. Inahitaji kijana mmoja mwenye muda wa mchana.

Mleta mada

Nashukuru sana, Fundi. Fonti zimeonekana kwenye akaunti ya mwanafunzi niliyoijaribu. Nina maswali mawili. La kwanza, walimu wenzangu hawaizoei terminali. Je, hakuna njia ya kubandika kwa kipanya? Niliwahi kuona maelekezo ya kuandika sudo nautilus, ili kisimamizi cha mafaili kifunguke kwa root. La pili, nilitaka kuongeza mstari mmoja kwenye /etc/hosts ili seva yetu iitwe kwa jina. Nimetanguliza sudo kama ulivyosema na bado nimekataliwa:

sudo echo "192.168.1.10 maktaba" >> /etc/hosts
bash: /etc/hosts: Permission denied

Mkongwe wa Debian

Naomba nilijibu la pili. Tazama anayelalamika ni nani: ni bash, programu inayopokea amri zako ndani ya terminali, wala si sudo. Alama ya >> si sehemu ya amri ya echo. Ni agizo kwa terminali yako, na terminali hulifungua faili la hosts kwa akaunti yako ya kawaida kabla sudo haijaanzishwa. Sudo hapo ingeipa mamlaka echo, ambayo haikuyahitaji. Mwandishi anayefaa kupewa mamlaka ni programu inayoandika kwenye faili, na hapa ni tee:

echo "192.168.1.10 maktaba" | sudo tee -a /etc/hosts

Zingatia -a. Bila herufi hiyo, tee hufuta yote yaliyomo na kuacha mstari wako peke yake. Kwa sababu hiyo mimi kwenye /etc hupendelea sudoedit /etc/hosts. Hiyo hutengeneza nakala ya muda, huifungua kwa kihariri chako kikiendeshwa na akaunti yako mwenyewe, na ukishahifadhi hurudisha matokeo mahali pake kwa mamlaka ya root. Kihariri chenyewe hakipati mamlaka hayo hata kidogo.

Mtego huohuo wa terminali utakukuta unaponakili kutoka kwenye folda iliyofungwa. Ukiandika sudo cp /root/fonti/*.ttf pamoja na mahali pa kupeleka, nyota inatafsiriwa na terminali yako, ambayo hairuhusiwi kuona ndani ya /root, kwa hiyo cp inaletewa nyota ikiwa mbichi na kusema hakuna faili la jina hilo. Dawa yake ni kuifunga amri nzima ndani ya sudo sh -c '...' ili nyota itafsiriwe na root.

Fundi wa Maabara

Kuhusu kipanya, Mwalimu: sudo nautilus haifai. Programu yenye dirisha ni mkusanyiko mkubwa wa vitu vinavyosoma picha, vinavyotengeneza vijipicha vya hakikisho na vinavyoandika mipangilio, na vyote hivyo ungevipa mamlaka ya root kwa ajili ya kubandika faili moja. Katika matoleo ya zamani ya Ubuntu kulikuwa na adha ya ziada: mipangilio iliyoandikwa ilibaki ndani ya folda yako ya nyumbani ikiwa mali ya root, na kesho yake ukashindwa kuibadili. Zamani watu walitumia gksu, programu ya kufungulia madirisha kwa root, lakini hiyo iliondolewa tangu Ubuntu 18.04.

Njia inayofaa ni hii. Fungua kisimamizi cha mafaili, bonyeza Ctrl na L ili sehemu ya kuandika anwani ifunguke, kisha andika:

admin:///usr/local/share/fonts

Mikwaju ni mitatu. Utaulizwa nenosiri, folda itafunguka, na neno la kubandika litakuwa hai. Dirisha linaendelea kuendeshwa na akaunti yako; kinachopewa mamlaka ni kijiprogramu kidogo cha nyuma kinachosoma na kuandika kwa niaba yake. Ukimaliza lifunge dirisha hilo, kwa kuwa likibaki wazi, faili ulilolifuta kwa bahati mbaya ni la mfumo.

Mwanafunzi wa Seva

Habari za leo wakubwa. Mimi natumia Fedora, aina nyingine ya Linux. Nimepeleka kurasa zangu kwenye /var/www/html kwa sudo mv, nikaweka mwenye faili kuwa root na ruhusa 644, na folda ni 755. Kila kitu kinaonekana sahihi lakini seva ya wavuti ya Apache inajibu 403, yaani hairuhusiwi. Je, hili linahusiana na mjadala huu?

Mkongwe wa Debian

Linahusiana sana, kijana. Fedora hulinda mafaili kwa tabaka la pili linaloitwa SELinux, ambalo asili yake ni shirika la usalama la Marekani, NSA, lililolitoa hadharani mwaka 2000. Kila faili lina lebo mbali na ruhusa zake, na Apache huruhusiwa kusoma mafaili yenye lebo za tovuti tu. Ziangalie kwa ls -Z. Faili lililozaliwa ndani ya folda yako ya nyumbani lina lebo ya user_home_t, na mv hulihamisha pamoja na lebo yake. Cp ya kawaida huunda faili jipya, na faili jipya hurithi lebo ya folda linamozaliwa, ambayo hapo ni httpd_sys_content_t. Kwa kuwa umeshahamisha, zirekebishe kwa:

sudo restorecon -Rv /var/www/html

Usikubali ushauri wa kuizima SELinux, utauona mwingi.

Nikiwa hapo niongeze kwamba si kila kukataliwa hutibiwa kwa sudo, na maneno ya kosa hutofautiana kwa sababu. Permission denied, kwa kawaida, inahusu ruhusa. Read-only file system inamaanisha diski au sehemu yake imefungwa kwa kusoma tu, na hata root haandiki. Kwenye Silverblue, aina ya Fedora, hiyo ndiyo hali ya kawaida ya /usr, ilhali kwenye Ubuntu mara nyingi ni dalili ya kwamba kerneli imeona hitilafu kwenye diski na kuifunga isiharibike zaidi, kwa hiyo soma ujumbe wa kerneli kwa sudo dmesg kabla ya kufanya lingine lolote. Operation not permitted, ukiwa tayari umetumia sudo, mara nyingi ni alama ya kutobadilishwa. Lsattr itakuonyesha herufi i, na sudo chattr -i huiondoa. Kabla hujaiondoa, tafuta kwanza aliyeiweka na sababu yake.

Mpita Njia

Nimesoma yote. Nimejaribu sudo kwenye mashine yangu, nimepata ule ujumbe wa uid 0 neno kwa neno. Nifanyeje?

Fundi wa Maabara

Pole, ndugu. Usiizime kabla ya kunakili kazi zako kwenye flashi, kwani folda ya nyumbani bado unaifikia. Kisha iwashe upya ukishikilia Shift au ukigonga Esc ili menyu ya GRUB itokee, chagua recovery mode, halafu root. Hapo andika mount -o remount,rw / kisha chown root:root /usr/bin/sudo na chmod 4755 /usr/bin/sudo. Sudo itarudi, lakini mafaili mengine yote yatabaki na 777. Kama ulichokigusa ni folda moja tu, tuandikie jina lake tukuelekeze. Kama ni /usr nzima, ichukulie sudo hiyo kuwa ya muda na ujiandae kusimika upya.

Mleta mada

Hosts imekubali, na wenzangu wameipenda njia ya admin. Swali langu la mwisho: yupo mwalimu msaidizi ambaye ndiye hasa anayetafuta fonti. Sitaki kumpa sudo, na sitaki aniite kila mara. Je, inawezekana?

Mkongwe wa Debian

Inawezekana, Mwalimu, na wala si lazima umwingize katika kundi la sudo. Mtengenezee kundi la kazi hiyo tu, ulipe folda hiyo moja. Mahali nilipoandika msaidizi weka jina la akaunti yake:

sudo groupadd wafonti
sudo usermod -aG wafonti msaidizi
sudo chgrp wafonti /usr/local/share/fonts/madrasa
sudo chmod 2775 /usr/local/share/fonts/madrasa

Hiyo 2 ya mwanzo inafanya kila faili jipya litakaloundwa au kunakiliwa humo liwe la kundi la wafonti na si la kundi binafsi la aliyeliweka, ili akija msaidizi mwingine kesho kundi libaki lilelile. Kwenye usermod usiisahau -a, kwa sababu -G ikiwa peke yake humwondoa mtu katika makundi yake mengine yote ya ziada. Naye atoke kwenye akaunti na kuingia tena, maana uanachama wa kundi husomwa wakati wa kuingia. Kufuta na kuongeza fonti ndani ya folda hiyo ataweza. Nje yake atakutana na Permission denied kama wanafunzi.